Mkate wa Hasara

Tulimwacha Bi Mwanaupe na kisu mkononi.

Kwa wale ambao gazeti lenu la wiki jana lilifungiwa samaki kabla hamjalisoma, nakumbusha kidogo. Mwanaupe ni mwokaji mikate wa Nyasho, hapa hapa Musoma. Tanuri lake la udongo ndilo lililolisha watu miaka ile ya foleni. Unga wa ngano ulipoadimika alichanganya muhogo, na mkate ukatoka mgumu wa kuzuilia mlango. Lakini ulikuwa mkate, na watu walishukuru. Siku hizi unga upo, mkate wake ni laini, na anauza shilingi thelathini.

Halafu akaja Leodgar. Huyu zamani alishika funguo za ghala la ushirika, na ukitaka kilo ya sukari ilibidi umwite "Ndugu" kwa sauti ya mgonjwa. Biashara iliporuhusiwa, ghala lilibaki kuta na popo, na Leodgar akaacha undugu. Sasa anataka aitwe Bwana. Amefungua bekari ya umeme karibu na stendi. Kila mkate una chapa ya LEO, yaani Leo ya Leodgar, kwa hiyo hata ukiwa wa juzi bado umeandikwa LEO.

Anauza shilingi kumi na tano.

Thadeo, aliyekuwa akioka kule Mwisenge, alishindwa mapema. Ameuza sinia zake na sasa anakaanga samaki. Akabaki Mwanaupe peke yake. Na asubuhi ile, baada ya kuikuta mikate ya jana yote imelala kabatini kama ilivyo, alichukua kisu cha kukatia mkate, akajifunga kanga, akaenda moja kwa moja kwa Leodgar. Foleni ya wanunuzi ilipasuka katikati kumpisha.

"Mungu wangu, anaenda kumchinja!" alisema mama mmoja. Lakini hakutoka kwenye foleni.

Leodgar alikiona kisu. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga rafu ya mikate.

"Bi Mwanaupe, tuongee kiutu uzima."

"Nipe mkate."

"Nini?"

"Mkate. Si unauza? Pesa yako hii hapa."

Leodgar aliusukuma mkate kwa ncha ya vidole, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua. Mwanaupe akaupasua katikati mbele ya watu wote. Foleni ilinyoosha shingo. Maana uvumi ulikuwa umeshazagaa kwamba Leodgar anatia chaki, wengine walisema pumba, na kuna mmoja aliyeapa kwamba alikutana na kifungo cha shati.

Mwanaupe alinusa. Akamega. Akatafuna taratibu, amefumba macho.

"Mzuri," alisema.

Watu walivunjika moyo kabisa.

"Mkate mzuri," alirudia. "Unga safi, hamira ya kutosha, sukari haijaibwa. Sasa niambie, Leodgar. Unautengenezaje kwa kumi na tano? Unga peke yake unapita kumi na tano. Bado hamira. Bado umeme. Bado hao vijana wako waliovaa kofia nyeupe."

"Hiyo ni siri ya biashara."

"Siri gani? Mimi nimeanza kuoka wewe ukiwa bado unapima sukari kwa kikombe kilichobonyea. Wewe unauza kwa hasara."

"Nawasaidia wananchi!" Leodgar alipaza sauti ili foleni isikie. Foleni ikapiga makofi. Ingekuwa ajabu isipige.

Kisha akainama juu ya kaunta, akatabasamu, akamnong'oneza. Maneno haya hakuyasikia mtu mwingine ila Mwanaupe, na mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

"Mimi naweza kula hasara mpaka Krismasi. Wewe utafika Jumapili?"

"Na baada ya Krismasi?"

"Baada ya Krismasi mjini hakuna tanuri lingine. Watanunua kwa bei nitakayoamka nayo."

*

Mwanaupe hakwenda nyumbani. Alikwenda ofisi ya biashara ya wilaya, kwa Boniphace, afisa anayeipenda sheria kuliko chakula. Kisu alikificha ndani ya kanga.

"Nimekuja kushtaki. Kuna mtu anauza mkate."

"Ghali?" Boniphace alishika kalamu, macho yakawaka.

"Rahisi."

Kalamu ikarudi mezani. "Hebu rudia, mama yangu."

"Anauza rahisi mno. Chini ya gharama. Ametuua sote."

Boniphace alitazama dari, akatazama dirisha. "Mama, mimi nimekaa kiti hiki muda mrefu. Wameletwa hapa watu waliouza sukari ghali, sabuni ghali, betri ghali, hata mmoja aliyeuza sanda ghali. Lakini mtu kuja kulia kwamba kitu ni rahisi, leo ndiyo mara ya kwanza. Sheria inasema usizidishe. Haijasema usipunguze."

"Kwa hiyo mtu akiua wenzake kwa bei ya chini, siyo kosa?"

"Ngoja niulize mkoani." Akapiga simu. Akasikiliza, akasema ndiyo mzee, ndiyo mzee, akaweka simu chini. "Mkoa wanasema tuulize Dar es Salaam."

"Na Dar es Salaam wanasemaje?"

"Laini imekatika."

Mwanaupe aliinuka. Hapo ndipo alipoona, kwenye kona ya meza, kitu kimefungwa kwa karatasi. Ncha yake imechungulia nje, na juu ya ncha pana herufi L na E.

"Mke wangu alinituma," alisema Boniphace, akavuta ile karatasi ikafunika.

*

Nyumbani Omari, mume wa Mwanaupe, alikuwa barazani na redio aliyoifungua vipande vipande. Wapo watu hapa Nyasho wanaomkumbuka Omari akiwa na duka, kofia ya tarabushi na kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Mwaka wa themanini na tatu, katika ule msako wa wahujumu uchumi, walimkuta na sabuni anayoiuza juu ya bei ya Serikali. Duka likaenda, sabuni ikaenda, na yeye mwenyewe akaenda ndani. Aliporudi alikuwa mkimya, na tangu siku hiyo hajauza hata kiberiti. Mkate wa mkewe ndio uliomlisha.

Mwanaupe alimweleza yote. Omari akacheka, kicheko chake kile cha zamani, kidogo tu.

"Mimi nilifungwa kwa kuuza ghali. Huyu unataka afungwe kwa kuuza rahisi. Mke wangu, mfanyabiashara wa nchi hii auze vipi ndiyo awe salama? Agawe?"

Mwanaupe naye akacheka, ingawa hakutaka.

"Funga tanuri, Mwanaupe," Omari alisema, safari hii bila kucheka. "Umechoka. Moshi umekula macho yako. Pumzika."

"Tutakula nini?"

"Mungu hamtupi mja wake."

"Hamtupi, lakini sijawahi kumwona akija kunikandia unga."

"Astaghfirullahi."

"Na mimi nasema hivyo hivyo. Lakini unga mtu anaukanda mwenyewe."

Omari alirudi kwenye redio yake. Ilikuwa haisemi tangu mfungo uliopita, na bado aliendelea kuigeuza geuza.

Wakati huo Dorotea aliingia uani. Huyu ni mjane aliyetoka vijiji vya rasini, kule Majita, na ndiye aliyezungusha mikate ya Mwanaupe mitaani kwa kikapu. Kikapu kilikuwa kichwani. Mwanaupe alikipokea ili akitue, akafunua kitambaa, akaona LEO. Akafunua zaidi. LEO, LEO, LEO.

"Dorotea! Na wewe?"

"Usinitazame hivyo, Bi Mwanaupe. Hii ni ya kula kwangu, na mingine ya jirani. Mimi nina watoto."

"Huyu mtu ananizika, na wewe unambebea jembe!"

"Mkate wako mzuri. Wake mzuri, tena nusu bei. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Atapandisha! Ameniambia kwa mdomo wake. Nikifunga tu, atapandisha."

"Atapandisha kesho. Wanangu wanakulaga kila siku." Dorotea alishusha pumzi. Ni mwanamke asiyependa ugomvi, lakini ukimwanza anamaliza. "Na wewe wakati wa foleni ulitupandishiaga. Asubuhi bei hii, jioni bei ile. Ulituuliza?"

Mwanaupe alifungua mdomo, halafu akaketi juu ya gunia la unga. Ilikuwa kweli. Unga wa mlango wa nyuma aliununua kwa bei ya kuruka, naye akauza kwa bei ya kuruka. Aliwalisha, ndiyo. Lakini hakuwauliza.

"Hukukosea kunisema," alisema.

Dorotea hakutegemea jibu hilo. Akaona aibu kwa ushindi wake, akatafuta la kusema, lolote lile. "Huku ndiyo tunagombana. Shemeji yangu Silasi, yule wa pikapu, anasemaga kule Buhemba kwa wachimba dhahabu mkate ni shilingi hamsini. Tena wanapigania."

Mwanaupe alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga. Mkono ukasimama.

"Mkate gani?"

"Wowote. Mtu ameshinda shimoni tangu alfajiri, atauliza chapa?"

Mwanaupe alimtazama Dorotea. Akatazama kikapu. Akainuka juu ya lile gunia kama amekalia siafu.

"Mwambie Silasi asiende popote na hiyo pikapu."

*

Kesho yake moshi haukuonekana kwa Mwanaupe. Habari zilimfikia Leodgar kabla hajanywa chai: tanuri la Nyasho limezimwa! Aliimba siku nzima.

Na jinsi foleni ilivyokuwa ndefu! Akina mama wa Nyasho wote walikuwepo, na kila mmoja alitaka mikate mingi. Leodgar akaweka amri ya miwili miwili kwa kila mtu. Haikusaidia. Walinunua miwili, wakazunguka nyuma ya stendi, wakabadilisha kanga, wakarudi kununua miwili mingine. Susana, ambaye Mungu alimpa sura ya kusahaulika, alinunua mara nne kabla ya adhuhuri na kila mara Leodgar alimkaribisha kama mgeni.

Mikate yote iliishia uani kwa Mwanaupe. Kwa kila mkate mama alirudishiwa pesa yake na kitu kidogo juu yake. Kutoka hapo ikapakiwa kwenye pikapu ya Silasi. Mingine ilikwenda Butiama siku ya mnada, mingine ikashuka Bunda na Dorotea, na mingi zaidi ikapanda Buhemba, ambako wachimbaji waliilipia hamsini bila kuuliza mtu jina.

Leodgar alinunua unga zaidi, akaongeza vijana, akaoka mchana na usiku. Jumapili alisimama kanisani akatoa shukrani kwa wateja kuongezeka. Maskini ya Mungu. Kila mkate uliotoka pale ulimtoboa mfuko, naye alikuwa anaimba aleluya.

Omari peke yake ndiye aliyenuna.

"Huo siyo uokaji," alimwambia mkewe. "Huo ni ulanguzi. Ule ule walionifungia mimi."

"Wewe walionunua kwako walikuwa majirani zako. Wale wa Buhemba wananunua kwa hamsini siku zote, mimi niwepo nisiwepo."

"Utajua mwenyewe."

"Mbona unakasirika, Omari? Nilidhani utacheka."

Omari alichukua baiskeli akatoka, na hakusema anakwenda wapi.

*

Mambo yaliharibika Bunda.

Leodgar alikwenda huko kungojea lori la unga kutoka Mwanza. Lilichelewa, kama kawaida ya malori. Njaa ikamshika, akaingia hoteli moja ya chai pembeni ya stendi, akaagiza chai ya maziwa na mkate. Mwenye hoteli alimletea mkate mzima kwenye sahani ya bati, na Leodgar akaanza kumega huku anasoma tangazo la mpira ukutani.

Alimega. Akatafuna. Akapunguza kutafuna.

Ladha aliijua. Akaugeuza ule mkate. LEO.

"Huu mkate umetoka wapi?"

"Musoma, mzee. Huku tunaupendaga sana."

"Unauza bei gani?"

"Arobaini. Shukuru umeshukia hapa, Buhemba ni hamsini."

Leodgar alisimama, kiti kikaanguka. "Huu mkate ni wangu!"

Mwenye hoteli alimtazama kwa upole, kama anavyowatazama walevi wote.

"Lipa kwanza, mzee. Ndiyo uwe wako."

Na Leodgar akalipa arobaini. Alilipa arobaini kwa mkate aliouuza mwenyewe kumi na tano, na uliomgharimu zaidi ya ishirini. Alipotoka nje, chai haijaisha, alikutana uso kwa uso na Dorotea, kikapu kichwani.

"Shikamoo, Bwana Leodgar," alisema Dorotea. "Mbona unatokwa na jasho?"

*

Njia nzima ya kurudi Musoma Leodgar alipiga hesabu, na kila alivyoipiga ilitoka vibaya. Akiuza kumi na tano, Mwanaupe anainunua yote. Akiuza thelathini, Mwanaupe anawasha tanuri na kuoka yake. Alikuwa amejichimbia shimo, akaingia, akavuta na ngazi.

Mtu akifika hapo hukumbuka Serikali.

Saa sita ya siku iliyofuata, mgambo wawili walimchukua Mwanaupe uani kwake, mikono ina unga wa chapati za mchana, wakamfikisha mbele ya Boniphace. Leodgar alikuwa ameshakaa, amevaa suti. Dorotea alifuata nyuma akilia. Akina mama wa Nyasho walijaa dirishani mpaka chumba kikawa giza. Omari naye alikuja, akasimama karibu na mlango na kofia mkononi.

Boniphace alikuwa na furaha ya bwana harusi. Safari hii sheria alikuwa nayo.

"Bi Mwanaupe, unashtakiwa kwa ulanguzi. Umenunua mkate kwa kumi na tano, ukauza kwa hamsini."

"Ni kweli."

"Umezidisha bei."

"Bei ipi, baba? Nioneshe bei ya Serikali ya mkate."

"Ipo." Boniphace alifungua droo kwa madaha, akatoa tangazo la bei, akapitisha kidole kutoka juu kwenda chini. Akakipitisha tena, taratibu zaidi. Kidole kikasimama.

"Vipi?" aliuliza Leodgar.

"Mkate umeondolewa."

"Umeondolewa wapi?"

"Kwenye vitu vyenye bei. Tangu bajeti ile iliyoruhusu biashara. Mimi mwenyewe nililibandika tangazo mlangoni." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Kila mtu auze apendavyo."

Dirishani walipiga vigelegele. Mwanaupe hakupiga. Aliinua mkono wake wenye unga, wakanyamaza.

"Basi mimi sina kosa, na Leodgar hana kosa. Sawa. Lakini nataka nimwulize mbele ya watu. Leodgar, mtu akikosea hesabu akauza kwa hasara, namhurumia. Mtu akifunga duka akauza kwa hasara, namwelewa. Mtu akiwa na sadaka, atoe bure, Mungu atamlipa. Wewe umeuza kwa hasara ili mimi na Thadeo tufe, halafu hawa hapa dirishani wakulipe hasara yako yote na riba. Uliniambia mwenyewe. Unaapa hukusema?"

Leodgar ni muumini. Alitazama msalaba wa Dorotea shingoni, akatazama chini.

"Nilisema," alijibu. "Na sasa sina la kuficha. Kuanzia kesho mkate ni thelathini na mbili. Nimeumia vya kutosha."

Mwanaupe alikuwa ameshinda. Lakini sikilizeni kilichotoka dirishani.

"Thelathini na mbili!" Susana alipiga kelele. "Bi Mwanaupe, umetuharibia! Tulikuwa tunakula vizuri!"

"Wewe Susana! Si ulilipwa?"

"Nililipwa, lakini sasa nitakula nini?"

Wakaanza kuzozana wao kwa wao, nusu wakimsifu Mwanaupe, nusu wakimlaani, na wapo waliofanya yote mawili. Boniphace aligonga meza mpaka wakatulia. Kisha, kwa kuwa sheria ilimwangusha, akauliza swali kama binadamu wa kawaida. Nadhani ndilo swali zuri kuliko yote aliyowahi kuuliza kwenye kiti kile.

"Bwana Leodgar. Mimi najua mshahara wako wa ushirika ulikuwaje. Najua na ulichochukua pembeni, tusidanganyane. Pesa ya kuchoma namna hii huna. Hasara hii yote analipa nani?"

Leodgar alifungua kifungo cha suti.

"Nina mshirika."

"Nani?"

"Aliniletea pesa mwenyewe, sikumfuata. Akasema anataka apate nusu ya bekari, kimya kimya. Nikamwuliza, na mwokaji wa Nyasho je? Akaniambia," na hapo Leodgar alifunga tena kifungo cha suti, "akaniambia, mmalize upesi, ila usimwaibishe."

Kuku wa uani walisikika.

Leodgar hakutaja jina. Hakuwa na haja. Alikuwa anatazama mlangoni, na mmoja mmoja, watu wote waligeuka kutazama alikotazama yeye. Mwanaupe aligeuka wa mwisho.

Omari alikuwa ameshika kitasa.

"Ni uongo," alisema Mwanaupe. "Omari, waambie ni uongo."

Omari alivaa kofia. Akaivua tena.

"Siku ile ya baiskeli nilikwenda kumwonya Leodgar, nikarudia njiani. Nilitaka siku moja niamke niseme, mke wangu, kaa, leo nakulisha mimi," alisema. "Hujui miaka hii nimekaaje pale barazani. Watu wanapita wanauliza, Bi Mwanaupe yupo? Hakuna anayeniuliza mimi."

"Na mkate wangu ulikukosea nini?"

"Ulinilisha," alisema Omari.

Dorotea aliziba mdomo kwa kiganja. Mwanaupe alisogea hatua kwa hatua mpaka akawa mbele ya mumewe kabisa, na alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeuliza njia.

"Pesa ulitoa wapi? Wewe huna duka. Huna ng'ombe. Pesa ya kumpa mtu achome mpaka Krismasi, Omari, uliitoa wapi?"

"Niliuza kiwanja."

"Kiwanja?"

"Kwa mtu mmoja wa Bunda. Anakuja Ijumaa."

Mwanaupe alitazama mikono yake. Unga ulikuwa umeanza kukauka na kupasuka kwenye vidole vyake.

"Sisi tuna kiwanja kimoja tu, Omari," alisema. "Ndipo lilipojengwa tanuri."